Salfa kwenye dizeli: iliondolewaje, na kwa nini moshi mweusi bado upo?

Kila msimu wa kupulizia mikorosho unapoanza huku Mtwara, ujumbe wa wasikilizaji kuhusu salfa huongezeka studio: imefika ghalani au bado, bei yake ni ngapi, na ipi ni nzuri kuliko nyingine. Wachache wanajua kwamba unga huo wa manjano tunaopulizia kwenye maua kuzuia ubwiriunga una undugu na dizeli iliyomo kwenye lori lililouleta. Sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani siku hizi haichimbwi kama madini mengine. Hutolewa ndani ya mafuta ghafi na gesi asilia, kwa sababu ikiachwa humo na kuchomwa, hugeuka moshi unaoumiza mapafu.

Makala haya yanaeleza salfa inavyotolewa kwenye mafuta, nchi zetu zilivyopata dizeli safi zaidi kuanzia mwaka 2015, na kwa nini pamoja na hayo bado tunaona moshi mweusi kwenye mabasi, malori na mashine za kusaga.

Kwa ufupi:

- Kuanzia Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuwa dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni moja ya mafuta.
- Mafuta safi hupunguza sumu mara moja, lakini hayawezi kuponya injini mbovu.
- Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa huirudisha ile salfa iliyotolewa kwa gharama kubwa.
- Petroli ikiingia kwenye mafuta ya taa, kibatari au jiko huweza kulipuka.

Salfa inafika vipi kwenye mafuta?

Mafuta ghafi yalitokana na viumbe vidogo vya baharini vilivyozikwa chini ya tabaka za matope na mchanga kwa mamilioni ya miaka. Viumbe hivyo vilikuwa na salfa mwilini, na nyingine ikaingia kutoka kwenye maji na miamba. Ndiyo maana mafuta ya kila eneo yana kiasi chake. Wafanyabiashara huyaita "matamu" yale yenye salfa kidogo, na "machachu" yale yenye salfa nyingi.

Salfa hiyo ndiyo wazee wetu waliyoiita kibiriti upele, kwa kuwa ilitumika kutibu upele. Ikiwa baridi haina vurugu kubwa. Ikichomwa ndani ya injini huungana na oksijeni na kuwa gesi kali inayowasha koo na kubana kifua. Mwenye pumu huisikia kabla ya wengine. Gesi hiyo ikikutana na unyevu angani hugeuka asidi na chembechembe ndogo sana, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Salfa si tatizo peke yake. Dizeli ikiungua vibaya hutoa masizi, zile chembe nyeusi zinazoshika kwenye kuta na nguo. Mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. WHO inakadiria kuwa hewa chafu, ya ndani na nje ya nyumba, inahusika na vifo vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka duniani.

Wanaoumia kwanza ni wale wanaokaa karibu na moshi muda mrefu: kondakta, muuza machungwa stendi, fundi wa gereji, mtu wa mashine ya kusaga, na mama anayesubiri zamu yake ya kusaga akiwa na mtoto mgongoni.

Hesabu ya tangi moja

Kipimo cha "sehemu kwa milioni" hakieleweki mpaka ukiweke kwenye mizani. Kilo moja ya dizeli ni sawa na miligramu milioni moja. Ikiwa kiwango ni 50, basi ndani ya kilo hiyo kuna miligramu 50 za salfa.

Sasa chukua lori lenye tangi la lita 400. Lita moja ya dizeli ina uzito wa takriban gramu 840, kwa hiyo tangi likijaa lina kama kilo 336 za mafuta.

- Dizeli ya kiwango cha 5,000: tangi lina karibu kilo 1.7 za salfa.
- Dizeli ya kiwango cha 500: tangi lina gramu 168.
- Dizeli ya kiwango cha 50: tangi lina gramu 17 tu, yaani vijiko vichache vya chai.

Salfa ikiungua huchukua oksijeni yenye uzito sawa na wake, hivyo gesi inayotoka huwa na uzito mara mbili. Lile lori la kwanza, kwa tangi moja tu, hutoa zaidi ya kilo 3 za gesi hiyo njiani. La tatu hutoa gramu 34. Tofauti hiyo hutokea hata kama lori ni lilelile, dereva ni yuleyule na injini haijaguswa.

Hutolewaje kiwandani?

Salfa haielei ndani ya dizeli kama uchafu unaoweza kuchujwa kwa kitambaa. Imeshikamana na chembe za mafuta yenyewe. Kuitoa kunahitaji joto, mgandamizo na gesi ya haidrojeni.

Kwanza mafuta ghafi hupashwa moto na kutenganishwa kadiri yanavyogeuka mvuke: gesi ya kupikia na petroli juu, mafuta ya taa yakifuata, kisha dizeli, na mazito chini kabisa. Halafu dizeli hupelekwa kwenye mtungi mkubwa, ikachanganywa na haidrojeni kwenye joto la nyuzi 300 hadi 400 za Selsiasi. Ndani ya mtungi kuna vipande vidogo vya kichocheo, mara nyingi vyenye madini ya kobalti na molibdeni. Kobalti hii ni ya aina ileile ambayo kwa sehemu kubwa duniani huchimbwa kusini mwa Kongo.

Humo ndani haidrojeni huing'oa salfa kutoka kwenye mafuta na kuungana nayo kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni sumu kali, kwa hiyo haiachiliwi hewani. Hupelekwa kwenye mtambo mwingine unaoigeuza kuwa salfa ya manjano. Nyingi hutengenezewa asidi ya viwandani, hasa kwa ajili ya mbolea ya fosfeti. Nyingine husagwa ikauzwa kwa wakulima kwa ajili ya kuzuia ukungu kwenye mimea. Mnyororo huo ndio unaofika hadi kwenye mikorosho yetu.

Kadiri kiwango kinavyoshuka, kazi huwa ngumu zaidi. Kutoka 5,000 hadi 500 ni rahisi kuliko kutoka 500 hadi 50, kwa sababu salfa inayobaki mwishoni ndiyo iliyojificha zaidi. Mitambo huwa mikubwa, haidrojeni huhitajika zaidi, na kiwanda kizee huona ni heri kifunge kuliko kujengwa upya.

Kabla ya salfa kulikuwa na risasi

Hii si mara ya kwanza mafuta kusafishwa. Mwaka 1921, watafiti wa kampuni ya magari ya General Motors nchini Marekani waligundua kuwa mchanganyiko wenye madini ya risasi ukitiwa kwenye petroli huzuia injini kugonga. Ulikuwa wa bei nafuu, ukaenea duniani kote. Lakini risasi haiungui ikaisha. Hutoka kwenye ekzosi, ikatua kwenye vumbi la barabarani, na watoto huila bila kujua. Huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Mwezi Juni 2001, wawakilishi wa nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiondoa petroli ya risasi. Mwanzoni mwa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa katika ukanda huo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu Nairobi, linakadiria kuwa hatua hiyo inaepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Somo la risasi ni kwamba mwananchi hakutakiwa kununua gari jipya ili apate hewa safi zaidi. Kilichobadilishwa ni kile kinachoingia kwenye tangi.

Januari 2015: Afrika Mashariki inashusha kiwango

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati huo zikiwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, zilikubaliana kutumia kiwango kimoja cha dizeli: salfa isizidi 50 kwa milioni, kuanzia Januari 2015. Kabla ya hapo kiwango cha 500 kilikuwa cha kawaida, na ukirudi nyuma zaidi kilikuwa maelfu.

Iliwezekanaje kwa nchi zisizo tajiri? Jibu moja linashangaza: hatukuwa na kiwanda cha kulinda. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, Dar es Salaam, kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta ghafi miaka mingi nyuma na kubaki kama maghala. Kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilisimama mwaka 2013. Baada ya hapo mafuta yote yaliyotumika ukanda huu yakawa yanaletwa na meli yakiwa tayari yamesafishwa. Anayenunua kilichokwisha tengenezwa anaweza kuandika kwenye mkataba: "Tunataka cha 50." Muuzaji atakayeleta cha 500 anakataliwa bandarini.

Kwa Tanzania jambo hilo lilirahisishwa na utaratibu wa kuagiza mafuta kwa pamoja. Badala ya kila kampuni kuleta meli yake yenye mafuta yake, mahitaji hujumlishwa, zabuni hutangazwa, na meli hushusha Dar es Salaam, Tanga au hapa Mtwara. Shehena ikiwa moja, kipimo ni kimoja.

Afrika Magharibi ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2016 shirika la Public Eye la Uswisi lilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa kampuni za biashara ya mafuta zilikuwa zikiuza huko dizeli yenye salfa nyingi ambayo isingeruhusiwa kuuzwa Ulaya. Hazikuvunja sheria, kwa kuwa viwango vya nchi hizo vilikuwa vimelegea. Ghana, iliyokuwa ikiruhusu hadi 3,000, ilishusha kiwango cha dizeli inayoagizwa hadi 50 mwaka uliofuata. Muuzaji huleta kile sheria ya mnunuzi inachokubali.

Kiwango hicho cha 50 hakikuwa mwisho wa safari. Ulaya hutumia kiwango cha 10 tangu mwaka 2009, na Marekani ilianza kutumia 15 mwaka 2006. Nazo meli zinazotia nanga bandarini bado huruhusiwa kuchoma mafuta mazito yenye salfa hadi 5,000 kwa milioni, mara 100 ya dizeli ya kiwango cha 50, ingawa kabla ya Januari 2020 ziliruhusiwa 35,000.

Basi kwa nini moshi mweusi bado upo?

Hapa ndipo wasikilizaji wengi hutubana, na wana haki. Zipo sababu tatu kubwa.

Ya kwanza ni kwamba moshi mweusi si salfa. Gesi ya salfa haionekani kwa macho. Weusi ni masizi, yaani mafuta ambayo hayakuungua yakaisha. Dizeli safi hupunguza gesi na sehemu ya chembechembe, lakini injini yenye nozeli mbovu na chujio la hewa lililoziba itatoa masizi hata ukiijaza dizeli ya Ulaya.

Ya pili ni kwamba faida kubwa ya dizeli safi iko kwenye vifaa vya kunasa moshi. Magari ya kisasa yana chujio maalumu kwenye ekzosi linalokamata masizi. Salfa nyingi huliharibu, ndiyo maana lilihitaji mafuta yasafishwe kwanza. Lakini magari mengi yanayofika kwetu yamezeeka, mengine hayakuwahi kuwa na chujio hilo, na yenye nalo huweza kung'olewa na fundi likiziba, kwa kuwa jipya ni ghali. Mafuta yameboreshwa, ila gari halijapewa nafasi ya kufaidika nayo.

Ya tatu ni uchakachuaji.

Uchakachuaji unavyoirudisha salfa

Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili mwananchi wa kipato cha chini apate mwanga. Pengo hilo la bei likawa kishawishi: changanya mafuta ya taa kwenye dizeli, uza kwa bei ya dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, ili mkaguzi akichukua sampuli kituoni ajue kama yameongezwa kitu kingine. Kazi hiyo baadaye ilikabidhiwa TBS. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuziba pengo lenyewe. Kenya nayo iliweka tozo ya kuzuia uchakachuaji kwenye mafuta ya taa mwaka 2018. Hatua hizo zilipunguza faida ya mchanganyaji, ingawa aliyekuwa akiwasha kibatari ndiye aliyelipa gharama.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mafuta ya taa ni ndugu wa mafuta ya ndege, na kwa viwango vya kimataifa mafuta ya ndege huruhusiwa kuwa na salfa hadi 3,000 kwa milioni. Tuseme dumu la lita 10 lina lita 9 za dizeli safi ya kiwango cha 50, na lita 1 ya mafuta ya taa yenye kiwango hicho cha juu. Mchanganyiko utafika zaidi ya 300, yaani zaidi ya mara sita ya kiwango hicho cha 50. Kazi yote iliyofanyika kiwandani huharibiwa na lita moja nyuma ya kibanda. Zaidi ya hapo, mafuta ya taa hayalainishi pampu ya dizeli ipasavyo, na pampu ikichoka ndipo moshi huongezeka.

Tahadhari ya maisha: usitumie kamwe kwenye kibatari, taa ya chemli au jiko mafuta yaliyowekwa kwenye dumu lililokuwa na petroli bila kukaushwa. Petroli hutoa mvuke unaowaka haraka hata ikiwa baridi, na kiasi kidogo tu ndani ya mafuta ya taa huweza kulipua taa mkononi. Mafuta ya taa yenye harufu kali ya petroli yasiwashwe.

Soma rangi ya moshi

Mwenye mashine ya kusaga, pampu ya kumwagilia au gari anaweza kujua mengi kwa kutazama ekzosi.

- Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Anza na chujio la hewa, lile mafundi huliita eya klina. Kwenye mashine ya kusaga huziba upesi kwa vumbi la unga. Kisha kagua nozeli, na usizidishe mzigo.
- Moshi wa bluu: injini inakula oili. Ringi au sili zimechoka.
- Moshi mweupe usioisha injini ikishapata moto: mafuta hayaungui, au maji yanaingia ndani.

Kwa mashine za mgongoni za kupulizia mikorosho, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, fuata kipimo cha kitabu cha mashine husika. Kuongeza oili "ili idumu" huongeza moshi unaouvuta wewe uliyeibeba. Na barakoa ivaliwe, kwa ajili ya moshi na kwa ajili ya unga wa salfa pia.

Mashine ya kusaga iwe na bomba la moshi lililopanda juu ya paa, mbali na dirisha na mahali watu wanapokaa kusubiri. Kipande cha bomba na siku moja ya fundi vinatosha.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dizeli ya siku hizi ni "nyepesi" na inaua pampu?
Kuondoa salfa hupunguza pia baadhi ya vitu vinavyolainisha pampu. Kwa sababu hiyo viwanda huongeza kilainishi, na ulainishaji ni miongoni mwa vipimo vya dizeli. Dizeli halali haiui pampu. Iliyochakachuliwa huiua.

Nikiongeza oili chafu kwenye dizeli nitasaidia injini?
Hapana. Oili iliyotumika ina chembe za chuma na masizi. Huziba nozeli na kuongeza sumu kwenye moshi.

Nanunua petroli ya chupa kijijini. Nitajuaje kama ni nzuri?
Kwa macho huwezi kuwa na uhakika. Dalili ni injini kugonga, kukosa nguvu mlimani na plagi kuwa nyeusi upesi. Kinga ni kununua kituoni na kudai risiti, kwa sababu risiti ndiyo ushahidi wako ukienda kulalamika EWURA. Zipo kanuni maalumu za vituo vya vijijini na miji midogo, zenye masharti nafuu kuliko ya mjini. Kijiji kilicho mbali na sheli kinaweza kumshawishi mfanyabiashara wake azitumie. Bei elekezi, ambazo hutangazwa kila mwezi, unaweza kuziangalia kwa simu yoyote kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Petroli na dizeli safi zinaondoa pia tatizo la tabianchi?
Hapana. Lita moja ya dizeli, iwe na salfa au isiwe nayo, hutoa karibu kiasi kilekile cha hewa ya ukaa. Kuondoa salfa ni kwa ajili ya mapafu yetu. Tabianchi inahitaji kuchoma mafuta machache zaidi.

Ya kukumbuka

Kushusha salfa kutoka mamia hadi 50 kulifanyika mbali na kijiji chako, kwenye mikataba na viwanda vya nchi nyingine, na faida yake ilifika bila wewe kuombwa chochote. Kilichobaki kiko karibu zaidi: dumu lisilochanganywa, chujio la hewa lililosafishwa, bomba la moshi lililopandishwa juu ya paa. Kama kwenye mashine ya kijiji chenu watoto husubiri upande ule upepo unakopeleka moshi, anzeni na hilo wiki hii.